Bibi Amekaa, Foleni Imepita

Nyumba ya Anuari pale Nyasho, mjini Musoma, inajulikana kwa sauti ya cherehani. Anuari ni fundi nguo. Anashonea kibarazani, na mtu yeyote anayepita humsalimia. Tausi, mke wake, huamka kabla ya wote. Hupika chai, huwasukuma watoto waende shule, kisha hufagia vipande vya vitambaa ambavyo mume wake huviangusha kila mahali.

Mama yake Anuari anaishi nao. Anaitwa Bi Mwanaamina. Ni mama mpole, msafi, mwenye adabu za zamani. Hapazi sauti na hapiti mbele ya watu.

Bi Mwanaamina ana ugonjwa wa kisukari. Mwaka huu kandambili ilimchuna chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Hakusikia maumivu, maana kisukari kilikuwa kimeshapunguza hisia za miguu. Mchubuko ukawa kidonda.

Nesi wa kituo cha afya alisema wazi: "Kidonda hiki kinatakiwa kusafishwa kila baada ya siku moja. Mtu mwenye kisukari hatakiwi kuchelewesha kidonda. Kikiingia ndani, mguu unaweza kukatwa."

Basi kila siku ya kusafisha kidonda, Anuari alimwita kijana wa bodaboda. Bi Mwanaamina alivaa baibui lake, akachukua kadi yake, akaondoka asubuhi. Alirudi mchana. Bandeji ilikuwa ileile ya zamani.

"Mama, wamekusafisha?" Tausi aliuliza.

"Hawajanisafisha."

"Kwa nini?"

"Sijui, mwanangu."

"Lakini ulifika?"

"Nilifika. Nimepewa shikamoo mpaka nimechoka kuitikia."

"Sasa ikawaje?"

"Nikakaa. Watu wakaisha. Dirisha likafungwa. Nikarudi."

Tausi hakuelewa. Mtu anafikaje hospitali asubuhi, anakaa hapohapo, halafu anarudi bila kuhudumiwa? Safari iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata tena.

Anuari alisema manesi wanachagua watu. Tausi alikuwa na wazo lingine, na hakulificha.

"Mama yako haendi kituoni," alimwambia mume wake. "Anaogopa kusafishwa kidonda. Anashuka sokoni Mwigobero, anapiga stori na wenzake wanaouza dagaa, jua likipanda anarudi."

Anuari aliacha kukanyaga cherehani. "Unasema mama yangu ni mwongo?"

"Sijasema mwongo. Nimesema anapiga stori."

Hawakusemeshana mpaka jioni. Usiku huo Tausi alipomnawisha mama mkwe wake miguu, alisikia harufu. Kidonda kilikuwa kimeanza kunuka.

Hapo Tausi akaamua. "Mama, kesho tunaenda wote. Lakini wewe fanya kama unavyofanyaga siku zote. Mimi nitasimama pembeni niangalie."

* * *

Mlango wa kituo ulikuwa juu ya ngazi. Ngazi hazikuwa na kitu cha kushikilia. Bi Mwanaamina alipanda kwa kushika ukuta, akipumzika kila hatua.

Ndani kulikuwa na ukumbi mkubwa na madirisha matano. Kila mradi uliokuja kituoni ulitoboa dirisha lake. Mradi ulipoondoka, dirisha lilibaki. Kuta zilijaa karatasi. Moja ilisema, "Dirisha hili limehamia lile." Lile lipi? Haikusema. Mshale mwekundu ulielekea kwenye mtungi wa kuzimia moto. Juu kabisa palikuwa na kibao kizuri cha bati kilichoandikwa: MZEE KWANZA.

Na kweli, watu walikitii kibao hicho. Bi Mwanaamina alipoingia tu, kijana mmoja aliruka kutoka kwenye benchi.

"Shikamoo, bibi. Kaa hapa."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akuweke."

Mwanamke mwingine akasema, "Hapo kuna jua. Mpelekeni kule mwisho, kuna upepo." Wakamshika mkono, wakamkalisha mwisho wa ukumbi, karibu na mlango wa nyuma. Mtu mmoja hata akamtolea kanga ya kuegemea.

Tausi alifurahi. Alisema moyoni, watu wa Musoma bado wana heshima.

Akaendelea kuangalia. Watu walisimama mbele ya dirisha. Kila aliyeingia aliuliza, "Nani wa mwisho?" Wa mwisho alijibu, "Mimi." Yule mgeni akasimama nyuma yake. Akaja mwingine. "Nani wa mwisho?" "Mimi." Foleni ilikwenda hivyo, mdomo kwa mdomo, bila ugomvi.

Tausi alisubiri. Foleni ilisogea. Watu walihudumiwa, wakaondoka. Wengine wakaja, wakauliza, wakasimama. Bi Mwanaamina alikuwa bado amekaa kwenye upepo wake, kadi mkononi, akiitikia shikamoo.

Tausi alikunja uso. Alitafuta kosa, asilione. Hakuna aliyempita bibi kwa nguvu. Hakuna aliyemtukana. Wote walimheshimu, na bado hakuhudumiwa. Kosa liko wapi?

Mwanaume mmoja akaingia, akauliza tena, "Nani wa mwisho?" Mwanamke aliyesimama akajibu. Ndipo Tausi akaona. Hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa nyuma ya Bi Mwanaamina, wala hakuna aliyekuwa mbele yake. Hakuulizwa, na yeye hakumuuliza mtu. Foleni ilikuwa ya watu waliosimama. Mtu akikaa, ametoka kwenye foleni.

Tausi akachukua ile kadi, akaenda mwenyewe dirishani. Dirisha lilikuwa na tundu dogo chini. Ilibidi ainame ili asikike.

"Kadi!" sauti ilisema kutoka ndani.

"Ni ya mama yangu. Anasafishwa kidonda."

"Kidonda dirisha la nne."

Dirisha la nne wakamwambia, "Faili lake limetoka dirisha la pili?"

Dirisha la pili wakamwambia, "Lakini hajaandikishwa dirisha la kwanza."

Tausi akarudi dirisha la kwanza. Watu walikuwa wameongezeka. "Nani wa mwisho?" akauliza. Tausi ana miguu mizima na mdomo usiolala. Hata yeye alikuwa amepotea ndani ya chumba kimoja.

Alipofika dirishani mara ya pili, alipiga mbao kwa kiganja. "Nyie, mnataka mtu afe ndiyo mumwone?"

Mlango wa pembeni ukafunguka. Akatoka dada wa mapokezi, jina lake Kija. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu.

"Dada, usinipigie mbao," Kija alisema. "Tangu asubuhi naulizwa choo kiko wapi. Maabara iko wapi. Bima ni hapa? Ndani ya kile kitundu naona videvu tu. Watu siwaoni. Mgonjwa wako yuko wapi?"

Tausi akaonyesha. Kija akageuka, akashtuka.

"Bibi yule? Mbona namwonaga kila siku nikitoka kwenda chai! Nilijua anamsubiri mtu."

* * *

Kidonda kilisafishwa siku hiyo. Nesi alikifungua, akakiangalia kwa karibu.

"Kimeanza kuingia ndani," alisema. "Sitaki kuwadanganya. Mkikosa tena, itabidi apelekwe hospitali kubwa. Huko wanaweza kuamua kukata."

Bi Mwanaamina alirudi nyumbani. Alikaa kitandani, akafunika mguu wake kwa kanga.

"Sirudi tena kule," alisema.

"Mama!"

"Sirudi. Siwezi kusukumana na watu, na siwezi kupiga mbao kama wewe. Na wewe una watoto, huwezi kunipigia mbao maisha yangu yote. Nikae na mguu wangu, Mungu akipenda utapona."

Anuari alimbembeleza mama yake. Hakufanikiwa. Alirudi kibarazani akiwa amechanganyikiwa zaidi kuliko alivyotoka. Pale alimkuta mteja akimsubiri.

Mteja huyo alikuwa Mugeta, jirani yao wa nyumba ya tatu. Kwao ni Butiama. Ni fundi sanifu wa majengo, na hutembea kwa kiti cha magurudumu tangu alipoanguka kutoka juu ya jengo. Alikuja kuchukua suruali yake. Anuari ndiye fundi pekee mtaani anayejua kumshonea. Suruali ya mtu anayeshinda amekaa hukatwa juu zaidi nyuma na chini zaidi mbele. La sivyo inamshuka mgongoni.

"Leo uso wako umepindika kuliko mishono ya wanafunzi wako," Mugeta alisema.

Anuari akamweleza yote. Tausi akatoka ndani akaongezea yale ambayo Anuari hakuyaona.

Mugeta akacheka kidogo, lakini si kwa furaha. "Anuari, mimi ukinipima suruali, unanipima nimesimama?"

"Nitakupimaje umesimama?"

"Basi. Unanipima nilivyo. Yale mapokezi yalipimwa kwa mtu aliyesimama, anayesoma, anayesikia, na mwenye kifua cha kusukumana. Mama yako hayumo. Mimi simo. Mjamzito hayumo. Nusu ya wagonjwa hawamo."

"Kwa hiyo tufanyeje?" Tausi aliuliza.

"Twendeni kwa mganga mfawidhi. Nimesikia wana fedha ya kukarabati. Wakishamwaga zege, tutakuwa tumechelewa."

* * *

Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, aliitwa Daktari Gabriel. Walipofika, Mugeta alibaki chini ya ngazi. Daktari ikabidi atoke nje.

"Karibuni ndani," alisema.

"Asante, Dokta. Nimekaribia mpaka hapa," Mugeta alijibu.

Daktari akaona ngazi, akaona kiti cha magurudumu. "Aa, samahani! Nyuma tumejenga rampu. Njia ya mteremko kwa ajili ya walemavu. Njoo uone."

Wakazunguka nyuma. Rampu ilikuwepo kweli. Ilikuwa imepigwa sakafu nyekundu ya kung'aa, kama ya sebuleni. Ilikuwa kali kama paa la nyumba. Juu yake walikuwa wameegesha bodaboda, na pembeni mtu alikuwa ameanika dagaa. Ilipofika juu, ilikutana na mlango wenye kufuli.

"Mlango huu unaenda wapi?" Tausi aliuliza.

"Stoo," Daktari alisema kwa sauti ndogo.

Mugeta aliitazama rampu kwa muda. "Dokta, hii siyo njia. Huu ni mtelezo wa samaki. Mvua ikinyesha nikapanda hapa, mtaniokota kwa kijiko."

Daktari Gabriel hakukasirika. Alionekana mtu aliyechoka kutoelewa. "Nisaidie. Tumeweka rampu, mnasema mbaya. Tumeweka kibao cha wazee, bibi amekaa bila kuhudumiwa. Watu wanalalamika kila siku, wafanyakazi wangu wanalalamika kila siku. Mimi nilipanga fedha hii niweke marumaru, kaunta ndefu ya kioo, na kipaza sauti. Hiyo nayo ni kosa?"

"Kaunta iwe juu kiasi gani?" Tausi aliuliza.

Daktari akaweka mkono kwenye kifua chake.

"Mama mkwe wangu ataona paji la uso la Kija," Tausi alisema. "Sasa hivi Kija anaona videvu. Mtakuwa mmebadilishana."

Daktari akacheka, akaketi kwenye ukingo wa rampu karibu na dagaa. "Haya, Mugeta. Nifundishe."

Mugeta akaeleza. Rampu isiwe kali. Ikipanda sentimita moja, iende mbele sentimita kumi na mbili au zaidi. Ngazi zile zina urefu wa nusu mita, kwa hiyo rampu iwe na mita sita. Iwe na uso wa kukwaruza, si wa kung'aa. Iwe na vyuma vya kushikilia pande zote mbili. Na iende kwenye mlango uleule wanaoingia watu wote, upana wake usipungue sentimita tisini.

"Mtu asipitishwe nyuma kama gunia la mkaa," alisema.

Kisha akaeleza kuhusu ndani. Mgonjwa aingie, akutane na meza moja tu, karibu na mlango. Meza iwe ya chini, yenye nafasi ya magoti chini yake. Anayepokea amwone mtu mzima, uso kwa uso. Hapo ndipo aulizwe shida yake, aandikishwe, apewe kibao cha namba. Baada ya hapo akae. Kusimama kusiwe ndiyo foleni.

"Namba ndiyo ikae kwenye foleni," Mugeta alisema. "Miguu ipumzike."

"Sawa," Daktari alisema. "Nimwite fundi wa zege kesho?"

"Hapana! Anuari, wewe nguo mpya ya harusi unaikataje?"

"Kwanza naijaribisha kwa kitambaa cha bei rahisi," Anuari alisema. "Nikikosea, sijaharibu kitu."

"Na sisi tujaribishe. Jumamosi tutatumia makreti ya soda, meza, mabenchi na chaki. Kidonda wanasafisha Jumamosi?"

"Wanasafisha," Daktari alijibu.

Mugeta akamgeukia Tausi. "Basi mlete mama. Mapokezi ya zamani yalimshinda. Tukimpata yeye, tumewapata wengi."

* * *

Tausi hakutumia maneno ya kubembeleza. "Mama, Jumamosi wanajaribu mapokezi mapya. Wanamtaka mtu aliyesahaulika kwenye yale ya zamani. Ni wewe."

"Ninaenda kama mgonjwa au kama fundi?"

"Kama fundi. Na usipoenda, watajenga kwa kipimo cha kifua cha daktari."

Bi Mwanaamina alifikiri. "Sina la kuwafundisha," alisema. Lakini Jumamosi alivaa baibui.

Ukumbi ulikuwa haufanani na zamani. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Vijana walikuwa wamembeba Mugeta na kiti chake kupanda ngazi. Meza moja ilikuwa karibu na mlango, imeinuliwa kwa mbao mpaka magoti ya Mugeta yalipoingia chini yake. Anuari alikuwa na utepe wake wa kupimia shingoni. Alipima meza, akampima mama mmoja mfupi kiwiko, akapima tena meza. Makreti ya soda yalionyesha mahali pa kupita. Mabenchi yalipangwa katikati. Kija alikaa mezani akiwa na vibao vya namba.

"Karibu, bibi," Kija alisema. "Shikamoo. Umekuja kwa shida gani?"

"Marahaba. Kusafisha kidonda."

Kija akaandika jina, akampa kibao. Namba kumi na tisa. Wote wakatabasamu. Bi Mwanaamina akaenda kukaa.

Basi sikilizeni kilichotokea. Kijana aliyekaa benchi la mbele, jina lake Samwel, alimwona bibi ana namba kumi na tisa. Yeye alikuwa na namba tatu. Ni kijana aliyelelewa vizuri. Alisimama.

"Shikamoo, bibi. Chukua yangu. Mimi nitasubiri."

Wakabadilishana vibao.

Namba tatu ikaitwa. Bi Mwanaamina akaingia chumba cha daktari. Daktari Gabriel akasoma faili. "Samwel, mwanaume, miaka ishirini na mbili, homa."

Bi Mwanaamina akamtazama. "Dokta, mimi nafanana na Samwel?"

Wakamrudisha nje wakatafute faili lake. Kija akauliza nani ana namba kumi na tisa. Samwel akanyoosha mkono. Wakampeleka kusafishwa kidonda.

"Sina kidonda mimi!" Samwel alisema.

Mwingine naye alikuwa amembadilishia namba mjamzito. Mwingine alimpa namba yake mzee wa jirani yake na kukaa bila namba kabisa. Mafaili yakachanganyika. Kija alishika kichwa. Daktari alitoka, akarudi, akatoka tena.

"Bibi, kaa hapo kidogo tukutafutie faili," mtu mmoja alisema. Na kwa heshima kubwa akamkalisha mwisho wa ukumbi, kwenye upepo.

Saa zikaenda. Wakamsahau.

Tausi alipogundua, alitaka kulia. Hakuna mtu aliyekuwa mbaya. Kila mtu alikuwa amefanya jambo jema, na yote kwa pamoja yalikuwa vurugu. Akamtazama Mugeta. Mugeta naye alikuwa anakuna kidevu.

"Mjini Bunda niliwahi kupanga mapokezi kwa namba, hazikubadilishwa," alisema. "Ile ilikuwa ofisi ya vibali. Wanaokwenda pale ni vijana watupu. Hapa sielewi."

Ndipo Bi Mwanaamina akasimama. Alikuwa hajawahi kupaza sauti mbele za watu. Siku hiyo alipaza, si sana, lakini ukumbi ulinyamaza.

"Mimi ninaelewa," alisema. "Hata mkijenga hapa kwa dhahabu yote ya Buhemba, mimi nitabaki hapa mwisho. Mnanipenda. Kila mtu ananipa kiti. Na kila anayenipa kiti ananitoa njiani. Mimi sijaja kukaa. Kukaa nakaa nyumbani kwangu. Nimekuja mguu wangu usikatwe."

Samwel aliinamisha kichwa.

Mugeta akasukuma kiti chake mpaka karibu naye. "Mama, ungekuwa wewe ndiye fundi, kiti chako ungekiweka wapi?"

Bi Mwanaamina akanyoosha mkono. "Pale. Mbele ya huyu binti. Akiinua macho anione. Na nikiingia, yeye ndiye aseme mimi niende lini. Siyo huyu kijana anihurumie. Huruma yake nzuri, lakini leo yupo, kesho hayupo."

Mugeta akapiga paja lake. "Mmesikia? Kumpisha mzee kusiwe kazi ya mwenye huruma. Kuwe kazi ya mapokezi."

Wakapanga upya hapohapo. Benchi la wazee, wajawazito, walemavu na wenye watoto wachanga likasogezwa mbele ya meza ya Kija. Tausi alikata kitambaa cha njano cha Anuari, akafunga kipande kwenye baadhi ya vibao. Kija ndiye atakayetoa kibao cha njano kwa anayestahili. Wakiitwa wawili wa kawaida, anaitwa mmoja wa njano. Jina la mgonjwa litaandikwa kwa chaki kwenye kibao chenyewe, kwa hiyo hakibadilishwi.

"Na mtu akitaka kunipa chake?" Bi Mwanaamina aliuliza.

"Mwambie asante, abaki nacho," Kija alisema.

Mama mmoja aliyeitwa Debora, aliyevuka ziwa kutoka kisiwa cha Rukuba, akainua mkono. Masikio yake ni mazito. "Na mimi nisiyesikia? Huwa naitwa mpaka boti ya kurudi inaniacha."

Hilo hawakuwa wamelifikiria. Daktari akaleta ubao. Kila namba ikiitwa kwa mdomo, iliandikwa pia kwa herufi kubwa na kunyanyuliwa juu. Kisha Mugeta akachora mistari sakafuni. Mstari wa bluu ulikwenda maabara. Wa kijani ulikwenda dawa. Mwekundu ulikwenda chumba cha vidonda. Asiyejua kusoma angefuata rangi. Asiyeona, mlinzi angemshika mkono kutoka mezani.

Kija alianza tena. "Bibi, umekuja kwa shida gani?"

Alipewa kibao cha njano chenye jina lake. Alikaa mbele ya Kija. Hakumaliza hata kuzungumza na Debora, akaitwa. Akafuata mstari mwekundu, taratibu, peke yake. Tausi alibaki amesimama. Hakujua mikono yake aiweke wapi.

* * *

Baadaye ndipo zege lilimwagwa. Fedha ya marumaru na kioo ilijenga rampu mpya mbele, ndefu, ya kukwaruza, yenye vyuma. Mlango ukapanuliwa. Madirisha manne yakazibwa kwa matofali. Karatasi zote za ukutani zikabanduliwa, na zilijaza ndoo nzima. Kibao cha MZEE KWANZA kilihamishwa, kikawekwa juu ya meza ya Kija, maana yeye ndiye anayeweza kukitimiza.

Kija sasa haulizwi choo kiko wapi. Kuna picha ya choo na mstari wa kwenda huko. Watu wanamaliza mapema, naye anakunywa chai yake ikiwa ya moto. Bado kuna siku vurugu inatokea. Watu wa bodaboda wakiegesha kwenye rampu, mlinzi anawatoa. Jengo zuri linahitaji mtu wa kulilinda kila siku, kama shamba.

Bi Mwanaamina hakukosa tena siku hata moja. Nyumbani Tausi alimkagua miguu kila jioni, akamnunulia viatu vya kufunika vidole. Kidonda kikaacha kunuka, kikawa chekundu kama nyama mpya, kisha kikapungua, kisha ngozi ikaota.

Jumanne moja nesi alifungua bandeji, akaangalia, akaita wenzake waangalie. Hakufunga bandeji nyingine. Bi Mwanaamina akatoka akapita kwa Kija kuuliza tarehe, kama ilivyo kawaida.

"Keshokutwa nije mapema?" aliuliza.

Kija akasoma kadi. "Usije, bibi."

Bi Mwanaamina akasimama palepale. Uso wake ukabadilika. "Nisije? Nimefanya nini tena?"

"Hujafanya kitu. Kidonda kimefunga. Utakuja mwezi ujao, kliniki ya kisukari."

"Kwa hiyo keshokutwa nisije."

"Usije."

"Na siku ya pili yake?"

"Bibi, umepona. Nenda nyumbani."

Bi Mwanaamina akatazama mguu wake. Akaukanyaga chini, polepole, kisha kwa nguvu. Nyuma yake watu walikuwa wanasubiri, lakini Kija hakumharakisha.